Waya Ulioitwa Mpole

Mwaka wa tisini na sita ndipo mpwa wangu alipoanza kuupima ule waya. Hapana, nasema uongo. Tisini na sita ndio mwaka niliofunga kibanda changu cha viatu kwa sababu ya macho, na nakumbuka nilipokuwa nafunga yeye alikuwa bado anapima gundi. Waya ulikuja baadaye. Basi tuseme tisini na saba, na anayetaka kunibishia anibishie, sisi wazee tumeshazoea.

Mpwa wangu huyo ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu akiwa wa kubebwa, na nilipozeeka akanilea yeye. Ndivyo dunia ilivyo, mkono huenda na hurudi. Nilikaa kwake katika chumba cha uani, mimi, yeye na binti yake mmoja. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki. Kazini walimwita Bi Koleo, kwa sababu koleo yake ndogo ya kupindia waya haikumtoka. Wenzake waliweka kalamu kwenye mfuko wa kifuani, yeye aliweka koleo.

Alifanya kazi katika chuo cha madaktari wa meno, ila hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa chumba cha utafiti, ghorofa ya chini kabisa, upande usiopata jua. Nikimuuliza kazi yake hasa ni nini, alikuwa akinijibu: "Mjomba, mimi navitesa vitu kabla havijamtesa mtu." Na kweli. Kuna vile vifungo vidogo vya chuma vinavyogandishwa juu ya meno ya watoto waliopinda meno, halafu waya hupitishwa humo ndani, na waya ndio unaovuta meno taratibu mpaka yakae mstari. Yeye aligandisha kifungo kwenye jino lililong'olewa, akakivuta kwa mashine mpaka kibanduke, ajue gundi ina nguvu kiasi gani. Waya aliupindisha kisha akauachia, na mashine ikachora mstari kwenye karatasi: mstari ukipanda juu, waya unasukuma kwa nguvu, ukibaki chini, unasukuma polepole. Jino, alinifundisha, halitaki nguvu. Ukilisukuma kwa fujo, mfupa unakataa na mzizi wake unaliwa. Linataka kubembelezwa, kama punda wa watu.

Sasa huyo binti yake, mjukuu wangu, meno yake ya juu yalitangulia mbele kuliko mwenyewe. Midomo haikuweza kukutana. Shuleni walimpachika jina, Kifungua Soda.

Siku moja alirudi akatupa mkoba, akaja kukaa kwenye kigoda changu.

"Babu, leo wameleta chupa kabisa."

"Nani?"

"Wa darasani. Wamesema niwafungulie."

"Ungewafungulia, kisha ukainywa mwenyewe. Wangekoma."

Akacheka, halafu mara ile ile akafunika mdomo kwa kiganja. Kile kiganja ndicho kilichokuwa kinamuumiza mama yake. Mtoto hakuwa anacheka bila kiganja. Hata kwenye picha, kiganja kipo.

Tangu nifunge kibanda, kazi yangu ilikuwa kumpelekea mpwa wangu chakula cha mchana. Ndiyo maana nakijua kile chumba. Sakafu ya saruji, meza ndefu iliyochubuka, rafu zilizojaa vinywa vyeupe vya plasta, nakala za meno ya wagonjwa, vingine vimefunguka kama vinakulilia. Baridi yake si ya mchezo. Nilikuwa siliachi koti langu. Mle ndani alikuwamo na bwana mmoja wa kumimina hivyo vinywa, wakimwita Plasta, siku zote mweupe kichwa mpaka viatu kama aliyeangukiwa na gunia la unga. Mtu wa maneno mengi.

Katikati ya meza kulikuwa na beseni la chuma lililojaa maji yaliyochanganywa dawa ili yafanane na mate ya mtu. Waya ulipimwa humo ndani ya maji, kwa sababu waya wa namna ile hubadilika kwa joto: kwenye baridi unalegea kama uzi, ukipata joto la kinywa unaamka na kufanya kazi. Chini ya beseni kulikuwa na hita ya kuyaweka maji katika joto la kinywa. Hita hiyo iliungua. Mpya ikaagizwa ng'ambo, na kitu kilichoagizwa ng'ambo mnajua wenyewe, mtoto huzaliwa akatembea hakijafika.

Mpwa wangu akabuni lake. Asubuhi alichemsha birika, akachanganya na maji ya bomba, akatumbukiza kipimajoto, na joto likishafika la kinywa, akalifunika beseni na mashine yake kwa blanketi zito la kijivu. Halafu akawasha. Mashine ilivuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mpaka jioni. Na sharti lake lilikuwa moja: ikishaanza, blanketi haliguswi. Ukiligusa, mashine inatikisika, mstari unaharibika, kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Siku moja niliweka mkono karibu tu, nataka kuweka kikapu.

"Mjomba! Nakuheshimu, lakini hilo blanketi ukiligusa tutakosana."

Plasta akadakia kutoka kwenye kona yake: "Mzee, humo amelaza mgonjwa wake. Ukimwamsha mgonjwa, yeye anakulaza wewe."

Tukacheka. Blanketi halikuguswa, si na mimi, si na Plasta, si na mkubwa wao.

Mkubwa wao alikuwa Profesa, mtu mpole wa sauti, anayesalimia hata wafagiaji. Yeye ndiye aliyeuleta ule waya mpya. Wa zamani ulikuwa na mlolongo: mtoto anaanza na waya mwembamba, anarudi awekewe mnene kidogo, anarudi tena, miezi na miezi, shule anaikosa. Huu ulikuwa mnene tangu siku ya kwanza, na Profesa aliamini kwamba hata na unene wake utasukuma kwa upole. Waya mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Watoto wa mbali wangepona kwa safari chache. Nia yake ilikuwa njema, siwezi kumnyima.

Mashine ikachora. Mstari ukabaki chini. Wiki ya pili, chini. Mwezi wa pili, chini vile vile. Profesa aliishika ile karatasi akaisoma kama barua ya mchumba.

"Bi Koleo, umeona? Huu si waya, huu ni bibi anayembembeleza mjukuu!"

Jina likashika. Waya mpole. Soda zikanyweka, hata mimi nikapata yangu.

Baada ya hapo walitafutwa watoto wa kuwekewa, ili uonekane kwenye vinywa vya watu sasa, si kwenye beseni. Mpwa wangu alirudi nyumbani siku hiyo uso umechangamka.

"Mjomba, nimemwandikisha."

"Nani? Wapi?"

"Mwanangu. Atawekewa ule waya. Wa kwanza kabisa."

Nikainama kukaza kamba ya kiatu iliyokuwa imekazwa tayari. Akaona.

"Kwani una wasiwasi gani? Nimeupima mwenyewe, kwa mikono hii. Wewe viatu ulivyovishona, hukunivisha?"

"Nilikuvisha."

"Haya basi."

Ni kweli nilimvisha.

Walikuwa watoto wengi, darasa zima na zaidi. Niliwaona kwenye mabenchi ya kungojea nilipomsindikiza mjukuu wangu. Walikuwapo mapacha wa kike waliokuwa wakimgombania mjukuu wangu, kila mmoja anataka akae naye, wakionyeshana vyuma vyao vipya kwa kioo kidogo cha mfukoni. Siku ile ilikuwa kama sikukuu.

Wiki ya kwanza meno yaliuma. Daktari akasema ni kawaida. Mwezi ukapita, yanauma. Mtoto akawa anakula kwa upande, kisha akawa anakula vilaini, kisha akawa anasukuma sahani.

"Mama, yanauma kwa ndani. Sio juu, ndani kabisa."

"Kila waya huuma, mwanangu. Vumilia."

"Unauma hata kama sitafuni."

"Huo ndio mpole kuliko zote. Mama yako ameupima."

"Mashine haina meno, Mama."

Plasta alipohadithiwa jibu hilo alicheka mpaka unga ukamdondoka. Mpwa wangu naye alicheka. Mimi pia, nisijifanye. Ila mtoto hakuwa anatania, na baada ya siku hiyo hakusema tena. Nyumba ikatulia, nasi tukasema hewala, amezoea.

Na meno yakarudi! Hapo ndipo palipotufunga macho. Yalirudi mbio kama ng'ombe walioona zizi. Midomo ikakutana. Siku moja nikamsikia anacheka na wenzake barabarani, nikachungulia dirishani: mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba ya kuruka. Kiganja hakikwenda mdomoni. Nilimwita mama yake aje aone. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kifungua Soda alikuwa amekufa, na hakuna aliyemlilia.

Basi, hita ikaja. Niliwakuta siku hiyo wanaifungua kwenye boksi lake, Plasta anaipigia makofi kama bibi harusi. Mpwa wangu akaifunga, akajaza maji, akakata kipande cha waya ule ule uliobaki kwenye sanduku, akakiweka. Alitaka tu kuijaribu hita, hakuwa na neno. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, halikuhitajika tena.

Mstari ukapanda. Ukapanda, ukapita pale ulipozoea kukomea, ukazidi kupanda.

"Leo mashine imekula nini?" akasema Plasta.

Mpwa wangu hakucheka. Akazima, akabadilisha waya, akaanza upya. Mstari ukapanda vile vile. Akabadilisha tena. Chakula nilichomletea kilipoa kwenye kikapu. Mwisho akaizima hita, akamwaga maji, akachemsha birika kama zamani, akapima joto, akafunika blanketi. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: baada ya kukaa kitambo, mashine ikiwa inavuta, akalifunua. Akaingiza mkono majini. Akautoa, akautazama.

"Mjomba, njoo uguse."

Nikagusa. Yalikuwa baridi kama yaliyotoka bombani. Chumba kile cha baridi kilikuwa kimeyanyonya joto lote kwa kitambo kile kile, na blanketi juu yake, na beseni la chuma chini yake limekaa kwenye meza ya baridi kama mtu aliyelala sakafuni akajifunika juu tu.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Asubuhi napima joto, nafunika, sifunui." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. "Nilikuwa napima waya uliolala, Mjomba."

"Na kinywani?"

"Kinywa hakipoi."

Plasta aliyekuwa na maneno mengi alitoka nje, akaegemea ukuta.

Akanyanyuka kwenda kwa Profesa. Nilimfuata, nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango hakuufunga vizuri, na mimi macho ndiyo yaliyofifia, si masikio. Alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kujitetea. Profesa hakupaza sauti.

"Una hakika?"

"Nimerudia, Profesa. Unasukuma mara kadhaa zaidi ya tulivyosema."

Nikasikia kiti kinalia.

"Haya matokeo nimeshayasimamia mbele za watu. Yameshasomwa. Unajua maana yake?"

"Najua. Lakini tuwaite watoto, tuwatoe."

"Tukiwaita leo, kesho wazazi wamejaa hapa mlangoni. Chumba kitafungwa, na utafiti wote, mzuri na mbaya. Turudie vipimo kwanza, taratibu, kitaalamu. Tusizue hofu kwa jambo ambalo hatujalithibitisha."

"Vinywa vyao vinathibitisha sasa hivi, Profesa."

Halafu Profesa akasema kwa upole, na upole ule ndio unaonikereketa mpaka leo: "Wa kwako mtoe. Mtoe leo hii. Mimi nitaandika kwamba mmehama."

Nikangoja kusikia atakachojibu. Nilimlea mwenyewe, nikadhani najua. Ukapita muda kama wa mtu kunywa maji.

"Asante, Profesa."

Alitoka akanipita kwenye benchi kama hakuniona.

Alasiri ile ile alimkalisha binti yake jikoni, karibu na dirisha, akatoa koleo mfukoni.

"Mbona unatoa? Yamekaa vizuri!"

"Fungua mdomo, mwanangu."

"Yatarudi mbele! Mama, wataanza tena kunicheka! Babu, mwambie!"

Nikamshika mkono. Mama yake alifungua kifungo kimoja kimoja, mikono imetulia kama ya siku zote, kazi anaijua. Alipofika kwenye yale mawili ya mbele na kuuvuta waya, jino likaufuata. Lilisogea pamoja nao, kama mlingoti kwenye matope. Akaacha kuvuta. Akaiweka koleo mezani polepole sana.

Tulimpeleka hospitali nyingine, mbali, wasikotujua. Daktari kijana akapachika picha ya eksirei kwenye mwanga. Mimi macho yangu hafifu, lakini hiyo niliiona. Mzizi wa jino unatakiwa uwe mrefu kuliko jino lenyewe linaloonekana. Yale ya mbele yalikuwa yamebaki vipisi, kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza aliyechonga mpaka mama yake akamnyang'anya.

"Nani alimwekea?" daktari akauliza.

Mpwa wangu akamtazama. "Tulihama," akasema. Ndivyo alivyojibu.

"Itaota tena mizizi?" mtoto akauliza, kwa daktari, si kwa mama yake.

Daktari akamwambia ukweli.

Jino la kwanza lilitoka kwenye mkate wa asubuhi. Hata halikutoka damu ya maana. Alilitema kiganjani, akaliweka pembeni ya sahani, akainuka mezani. La pili lilifuata kabla ya mvua. Mengine yalisalia, yanatikisika, akinywa kitu cha moto anafumba macho. Alikuwa bado hajamaliza shule.

Mpwa wangu aliacha kazi. Alimwambia Profesa kifua kinamsumbua kwa baridi ya kile chumba, na Profesa akamwandikia barua nzuri ya kumsifu. Siku hizi anatengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha daktari mmoja wa mtaani. Ana mkono mzuri, wateja wanatoka mbali. Alimtengenezea na binti yake mawili ya mbele, akayapolisha mpaka yakawa kama ya kuzaliwa nayo. Binti aliyatazama kwenye kisanduku chake, akakifunga. Alikwenda kutengenezewa na mtu mwingine, mengine, yasiyomkaa vizuri, na ndiyo anayovaa. Wanakaa nyumba moja, wanasalimiana vizuri, wanapeana chumvi. Lakini mama yake akimtazama usoni, yeye hugeuka dirishani.

Mimi na mpwa wangu tulizungumza mara moja tu juu ya mambo haya. Alikuwa anakoroga plasta, nikamuuliza swali langu. Aliendelea kukoroga mpaka ikamgandia kwenye bakuli, akaitupa, akaenda kuchota maji mengine, na aliporudi alianza kuniuliza habari za magoti yangu.

Nikaenda kwa Profesa. Nilipandisha ngazi na fimbo yangu, kwa taabu. Alinipokea kwa heshima, akanivutia kiti mwenyewe, akauliza hali ya nyumbani. Nikamwambia nyumbani wazima. Kisha nikamuuliza lile lile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mzee wangu, chai utakunywa?" Nikasema sinywi. Akaagiza chai hivyo hivyo, ikaja, ikapoa kati yetu.

Sikuuliza jambo gumu. Sikumuuliza ya mashine wala ya nani mwenye kosa, hayo wana wenyewe wa kuyahesabu. Niliuliza hivi tu: wale watoto wengine, waliobaki na waya kinywani, ni nani aliwaambia?